Ng'ombe Mpiga Pembe na Gari Lisilo na Dereva

Masomo: Kutoka 21:28-31, Kumbukumbu la Torati 21:1-9, Luka 10:30-35



Kwenye mkutano wa vijana mwezi uliopita mliandika maswali kwa karatasi, bila majina. Mengi yalikuwa yale tumezoea: uchumba, kazi, wazazi ambao hawajaokoka. Lakini karatasi mbili ziligusa jambo moja. Ya kwanza iliuliza kama Mkristo anaruhusiwa kupanda gari linalojiendesha, kwa sababu kuna video inazunguka kwa simu ikisema magari haya ni matayarisho ya utawala wa mnyama. Ya pili ilikuwa fupi, mwandiko wa mtu mwenye haraka: "Pasta, mimi ni dereva. Hizi gari zikifika Kenya, sisi tutakula nini?" Niliahidi kujibu zote mbili madhabahuni. Yale niliyohubiri Jumapili ndiyo haya, pamoja na mengine ambayo saa haikuruhusu.

Hiyo ya video haihitaji muda mrefu. Fungua 1 Samweli 6. Wafilisti walikaa na Sanduku la Agano miezi 7, wakapata taabu, wakaamua kulirudisha. Makuhani wao wakawashauri watengeneze gari jipya, watafute ng'ombe 2 wanaonyonyesha ambao hawajawahi kufungwa nira, wawafungie ndama wao nyumbani, kisha waliachilie gari. Hakuna aliyeshika kamba. Wale ng'ombe wakachukua barabara kuu ya Beth-shemeshi, wakilia njia nzima, bila kukata kushoto wala kulia, na wakuu wa Wafilisti wakifuata nyuma kuangalia mpaka mpakani. Sanduku likafika. Miaka mingi baadaye, katika 2 Samweli 6, Sanduku hilohilo liliwekwa tena juu ya gari jipya, safari hii likiwa na madereva 2, Uza na Ahio, na sote tunajua lilipofika uwanja wa kupuria nafaka nini kilitokea. Sisemi kwamba hapo Biblia inafundisha teknolojia (walimu wa Bible school, msinitumie ujumbe usiku). Nasema tu kwamba Mungu hakulikasirikia gari kwa sababu halikuwa na dereva. Mwenye kuogopa na atafute sababu nyingine.

Na sababu nyingine zipo. Hizo ndizo ninataka tukae nazo.

Kwanza tuelewe tunazungumzia nini. Gari hizi zina kamera kila upande, zina rada, zina miale ya leza inayopima umbali wa kila kitu kilicho karibu, na kompyuta inayokisia kila kitu kitaelekea wapi sekunde chache zijazo. Kampuni inayoitwa Waymo ilianza kama mradi wa Google mwaka 2009. Oktoba 2020 ilifungulia watu wote huduma ya teksi zisizo na dereva katika eneo la Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani. Juni 2024 ikafungulia kila mtu San Francisco. Unaita gari kwa simu, linakuja, kiti cha mbele hakina mtu, usukani unajizungusha wenyewe. Wapo watu wetu walio kule ambao wameshapanda wakatuma video nyumbani, na mama zao wakapiga simu kuuliza kama wamepoteza akili.

Hao mama wako na wenzao wengi. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, huuliza watu kila mwaka wanaonaje magari haya. Mwaka 2022 waliosema wanaogopa walikuwa asilimia 55. Mwaka 2023 wakafika 68. Mwaka 2024 walikuwa 66, na waliosema wanayaamini walikuwa 9 tu kwa kila 100. Mwaka 2025 waliyoyaamini walifika 13. Angalia vizuri: miaka hiyohiyo ambayo magari yalizidi kuonekana barabarani, woga ulipanda kwanza badala ya kushuka.

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia katika huduma. Darasani tulifundishwa kwamba mteja akikataa bidhaa usimtukane mteja. Tafuta kile anachokiona ambacho wewe hukioni.

Woga mwingine ni wa ugeni tu, na huo hupita. Lifti zisizohitaji mhudumu zilikuwepo tangu mwanzo wa karne ya 20, lakini watu hawakutaka kuingia ndani ya sanduku lisilo na mtu wa kuliongoza. Septemba 1945 wahudumu wa lifti wa New York waligoma, na jiji likakwama chini ya ngazi. Ilichukua miaka, na vitufe vya kusimamisha, na simu za dharura, watu kuzoea. Leo unaingia lifti pale mjini ukiangalia WhatsApp. Hata Uingereza, sheria ya 1865 iliamuru mashine za barabarani ziende maili 4 kwa saa, na mjini maili 2, na mtu atangulie mbele kwa miguu akibeba bendera nyekundu. Wajukuu wa waliotunga sheria ile walikuwa madereva.

Lakini kuna hasira pia, na hasira si ugeni. Mwaka 2023 wanaharakati wa San Francisco waligundua kwamba ukiweka ile koni ya rangi ya chungwa juu ya boneti ya gari hizi, zinasimama hapo hapo kama zimepigwa na butwaa. Wakawa wanazunguka usiku wakiziwekea koni. Februari 2024, wakati wa sherehe za Mwaka Mpya wa Kichina, umati katika mtaa wa Chinatown ulivunja vioo vya gari moja la Waymo lisilo na abiria, fataki ikatupwa ndani, likateketea. Kuchoma mali ya mtu ni dhambi, hilo halina mjadala. Ila nimejiuliza, kwa nini gari? Watu hawachomi lifti.

Jibu langu linatoka kwa matatu. Hapa kwetu dereva akianza kukimbia, mama mmoja kiti cha nyuma atapaza sauti: "Dere, umebeba watu, si viazi!" Makanga atajibu kwa kiburi, lakini ukiangalia vizuri, mguu utakuwa umepungua kwenye mafuta. Na ukipanda basi la mbali pale Machakos Country Bus, mhubiri ataingia kabla ya kuondoka, ataomba, ataweka mikono ya dereva chini ya damu ya Yesu, atachukua sadaka yake ateremke. Wengine huwacheka wahubiri hao. Mimi siwacheki, maana wanajua jambo moja, kwamba mle ndani kuna mtu ambaye roho za watu 50 ziko mikononi mwake, na mtu huyo anaweza kusemeshwa, na anaweza kumwogopa Mungu. Sasa hebu niambie, mhubiri akiingia basi lisilo na dereva, atamwekea nani mikono?

Nafikiri watu wanaoliogopa gari hili, na hata wale wanaolipiga mawe, wanauliza kitu hicho bila kukitaja. Likinigonga, nani atajibu?

Hapo ndipo Torati inatusaidia, kwa sababu Musa alishakutana na kitu chenye nguvu, kinachotembea chenyewe, kisicho na dhamiri, na chenye mwenyewe. Kiliitwa ng'ombe.

Soma Kutoka 21 kuanzia mstari wa 28. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe atapigwa mawe na nyama yake haitaliwa, lakini mwenye ng'ombe hana hatia. Ni ajali. Mstari wa 29 unabadilika kabisa. Kama ng'ombe yule alikuwa na tabia ya kupiga pembe tangu zamani, na mwenyewe ameonywa, na hakumfungia, kisha akaua, basi ng'ombe atauawa na mwenyewe naye atauawa. Mstari wa 30 unatoa nafasi ya kutozwa fidia, alipe kwa ajili ya uhai wake chochote atakachotozwa. Mstari wa 31 unasema ni vivyo hivyo kama aliyepigwa ni mtoto, wa kiume au wa kike.

Ona sheria ilivyo makini. Haimuulizi ng'ombe alikuwa na nia gani. Inamuuliza mwenyewe: ulijua? Uliambiwa? Ulifanya nini baada ya kuambiwa?

Na pale ambapo hakuna ng'ombe wala shahidi, Kumbukumbu la Torati 21 inasema maiti ikipatikana shambani na aliyeua hajulikani, wazee na waamuzi watoke, wapime umbali kutoka pale alipolala mpaka miji iliyo kando kando. Mji ulio karibu zaidi, wazee wake walete mtamba ambaye hajafanyishwa kazi, waoshe mikono yao mbele ya makuhani na kutamka kwamba si wao waliomwaga damu ile na macho yao hayakuona. Mungu hataki damu ilale chini bila mtu kusimama karibu nayo. Fikiria wazee wazima na kamba ya kupimia, jua kali, kwa ajili ya mtu ambaye pengine hata hawamjui jina.

Sasa tupeleke maandiko hayo Tempe, Arizona, usiku wa tarehe 18 Machi 2018. Mwanamke wa miaka 49 anavuka barabara akisukuma baiskeli, mahali pasipo na kivuko. Gari la majaribio la kampuni ya Uber linakuja, kompyuta ndiyo inaendesha, na mwajiriwa mmoja amekaa kiti cha dereva kazi yake ikiwa ni kuangalia. Gari lilimgonga akafa. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walipofungua kumbukumbu za kompyuta walikuta lilikuwa limemwona sekunde 5.6 kabla ya kumfikia. Halikujua limwite nini. Mara chombo kisichojulikana, mara gari, mara baiskeli, na kila likibadilisha jina linaanza kukisia upya anakoelekea. Programu yake haikuwa imeandikwa ikitarajia kwamba mtu anaweza kuvuka mahali pasipo na kivuko. Na ule mfumo wa breki za dharura ambao kiwanda cha Volvo kilikuwa kimeweka ndani ya gari lile, kampuni ilikuwa imeuzima wakati kompyuta yao inaendesha.

Nani alijibu? Kampuni ilipatana na familia nje ya mahakama. Mwaka 2019 mwendesha mashtaka alisema hakuna msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Mwajiriwa, aliyekuwa akiangalia kipindi kwenye simu, alishtakiwa, na mwaka 2023 akakiri kosa dogo zaidi na kupewa miaka 3 chini ya uangalizi. Yeye alikuwa na kosa, simtetei. Lakini kwa kipimo cha Kutoka 21 kuna kitu hakikukaa sawa. Mchungaji wa kuajiriwa alifika mahakamani, na mwenye ng'ombe, aliyejua breki zimezimwa, hakuitwa.

Kisa cha pili ni kizito zaidi kwangu, na ndicho kilinifanya niongeze Luka 10 kwenye masomo. San Francisco, tarehe 2 Oktoba 2023, usiku. Gari linaloendeshwa na mtu linamgonga mwanamke aliyekuwa akitembea kwa miguu, linamrusha mbele ya gari lisilo na dereva la kampuni ya Cruise. Gari la Cruise linafunga breki lakini linampata, linasimama. Kisha, kwa kuwa limefundishwa kwamba baada ya kugongana lisogee kando lisizuie barabara, likaanza kusogea, yule mama akiwa chini yake. Lilimburuta kama mita 6. Na yule dereva wa kwanza, yule binadamu mwenye moyo na macho na pengine rosari kwenye kioo? Alikimbia.

Mashine haikujua, ikaendelea. Mtu alijua, akaondoka. Kuhani na Mlawi tumewasoma miaka yote wakipita upande wa pili, na hapa wako wawili tena, mmoja wa nyama na mmoja wa chuma. Mungu alituma wengine, aliokolewa akiwa hai. Lakini kampuni nayo haikuwaeleza wakubwa wa serikali habari yote ya kule kuburutwa. Jimbo la California lilisimamisha kibali chake tarehe 24 mwezi huohuo, mkuu wake akajiuzulu mwezi uliofuata, na Novemba 2024 kampuni ikakubali kulipa dola 500,000 kwa kutoa ripoti ya uongo. Mwezi uliofuata General Motors, wenye kampuni, wakatangaza wanaacha biashara hiyo ya teksi. Ndugu wafanyabiashara, mabilioni yalikuwa yameingia pale. Gari lilikosea kwa sekunde chache. Watu walificha kwa siku nyingi, na hicho ndicho kilichowamaliza.

Uingereza wameanza kurekebisha jambo hili. Sheria yao ya magari yanayojiendesha, iliyopitishwa Mei 2024, inasema gari likiwa linajiendesha lenyewe kihalali, aliyekaa ndani hashtakiwi kwa namna lilivyoendeshwa. Anayejibu ni kampuni iliyopata kibali. Sijui kama wabunge wale walikuwa na Biblia mezani, lakini wamekaribia sana mstari wa 29.

Mpaka hapo nimesema juu ya ng'ombe wa watu wengine, na amina zilikuwa nyingi Jumapili. Zilipungua kidogo nilipoendelea.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba watu kama milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kwamba hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko barabara. Hapa Kenya, kila mwaka kuanzia 2021 mpaka 2024, tumezika zaidi ya watu 4,000. Mnakumbuka Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori liliacha barabara likaingia kati ya wauzaji na watu waliokuwa wakisubiri magari, na zaidi ya 50 wakafa jioni moja. Hizi zote si kazi ya roboti. Hizi ni gari zenye dereva, anayeweza kusemeshwa, anayeweza kumwogopa Mungu.

Gari la kompyuta halilewi. Halitafuni miraa ili lipige safari ya tatu. Haliangalii simu, halishindani na gari la sako nyingine kufika stejini kwanza. Utafiti uliotolewa Desemba 2024, uliofanywa na kampuni ya bima ya Swiss Re pamoja na Waymo wenyewe, ulipima maili milioni 25.3 na kukuta madai ya bima ya majeraha yalikuwa pungufu kwa asilimia 92 ukilinganisha na magari yanayoendeshwa na watu. Nimesema "pamoja na Waymo wenyewe" makusudi. Ukiona mwenye duka anasifu unga wake, nunua kidogo kwanza. Barabara zile pia zina mistari, zina taa, hazina mkokoteni unaokuja upande wako usiku bila taa. Lakini hata ukitoa punguzo kubwa kwa sababu hizo, hesabu inayobaki inapaswa kutuaibisha.

Kuna ndugu aliniuliza baada ya ibada, je, si haki kuidai mashine zaidi ya tunavyomdai mtu? Ni haki. Dereva mmoja akiwa na tabia mbaya, ni dereva mmoja na ruti moja. Programu ikiwa na kasoro, kasoro hiyo iko katika kila gari siku hiyohiyo, kwa hiyo mwenye programu anastahili kubanwa. Ninachokataa ni kumbana yeye halafu sisi tujiachilie.

Maana kuna wenye magari katika kanisa hili, na Bwana amewabariki, na tunafurahi nanyi. Wacha niwaulize maswali ya mstari wa 29. Dereva amekuambia mara ngapi kwamba breki inashika upande mmoja? Tairi ya nyuma imekwisha meno tangu lini? Ile spidi gavana, nani aliifungua, na nani alimlipa fundi? Unajua gari lako huendeshwa na dereva wa skwodi usiku ambaye hujawahi kuona leseni yake? Na zile pesa unazotaka zikufikie kila jioni, jam au hakuna jam, mvua au jua, umekaa ukapiga hesabu ni mwendo gani na saa ngapi bila usingizi zinahitajika kuzipata? Mimi nimepiga. Kuna kiasi ambacho ukikidai, tayari umemwamuru kijana akimbie, hata kama kwa mdomo umemwambia aende pole pole. Wewe una ng'ombe anayejulikana. Ukiweka stika ya mstari wa Biblia kwenye kioo cha nyuma, bado ni ng'ombe anayejulikana.

Sheria ya Kumbukumbu 22:8 inaamuru ukijenga nyumba uzungushie dari ukingo, mtu asianguke akaleta damu juu ya nyumba yako. Haingoji mtu aanguke kwanza. Kwa mwenye boda boda huo ukingo unaitwa helmeti ya pili ya abiria. Wengi tunajua iko wapi: iko nyumbani, imefunikwa, isiibwe.

Sasa nirudi kwa ndugu wa karatasi ya pili. Sikukusahau.

Sitakudanganya kwamba kazi ya usukani itakaa milele kwa sababu umeokoka. Katika mji wa Wuhan, China, kampuni ya Baidu ilipoleta mamia ya teksi zisizo na dereva zenye nauli ndogo, madereva wa teksi walilalamika waziwazi mwaka 2024 kwamba zinawanyang'anya chakula. Walalamikaji wale hawakuwa wajinga. Walisoma soko vizuri kuliko wachambuzi wengi. Hapa kwetu, kwa maoni yangu, mambo yatachelewa, kwa sababu ya pesa zaidi ya imani. Gari lililojaa leza na kompyuta ni ghali, na mshahara wako, nisamehe, ni mdogo. Mwenye mtaji hununua mashine pale mtu anapokuwa ghali. Kwa hiyo ningetazamia ianzie mahali penye uzio na njia moja, kama bandarini na migodini, kabla ya kufika kwenye ruti yako ambapo mbuzi na matatu nyingine wanatumia upande uleule.

Lakini kuchelewa si kutokuja. Mabasi ya umeme tayari unayaona Nairobi, na fundi wa injini anayejua dizeli pekee ameanza kusikia baridi. Una miaka, itumie. Weka akiba katika jina lako, si mfukoni. Ukiwa na nafasi ya kujifunza umeme wa magari, jifunze ukiwa bado na kazi. Na ninyi wenye sako, kijana anaendesha gari lenu miaka 12, analipwa kwa siku, hana hata shilingi ya uzeeni. Yakobo sura ya 5 inasema vilio vya vibarua walionyimwa ujira vimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Siku mashine ikija, hamtakuwa na uso wa kumwambia ni teknolojia imemfukuza.

Pia usidharau kazi uliyo nayo. Wewe ndiye unasimama mita 20 mbele ya steji kwa sababu mama ana mtoto mgonjwa na lango la hospitali liko pale. Msamaria alimpandisha aliyejeruhiwa juu ya mnyama wake mwenyewe, akamfikisha nyumba ya wageni, akalipa na kuahidi kulipa zaidi. Nasoma hiyo kama habari ya usafiri. Hakuna aliyemlazimisha, na haikuwa kwenye ruti yake.

Kwa upande mwingine, nisikilizeni, msiombe magari haya yasije kamwe. Oktoba 2015 huko Austin, Texas, mtu asiyeona alikaa peke yake ndani ya gari la mradi ule wa Google, bila dereva, likampeleka katika barabara za kawaida. Tuna dada hapa wa kiti cha magurudumu ambaye hukaa stejini saa nzima akipitwa na matatu, kwa sababu kumpandisha kunachukua dakika 4 na dakika 4 ni pesa. Gari lililoandikiwa programu ya kumngoja litamngoja. Halitamsonya. Yeye akisema anaitamani siku hiyo, nani kati yetu, sisi wenye miguu, atamwambia ni ya mnyama?

Vijana walioandika zile karatasi, nimejibu nilivyoweza. Wengine mnasomea kompyuta chuoni. Mkipata kazi ya kuandika programu kama hizo, kumbukeni mama wa Tempe na baiskeli yake: mtu fulani mezani aliamua watu watavuka wapi, na hakuwahi kutembea usiku mahali pasipo na kivuko. Nyinyi mmetembea.

Jumatano tutaombea barabara, saa kumi na mbili jioni. Jumapili ijayo, wenye magari wote, matatu, lori, boda boda, hata wewe wa gari dogo la familia, baki baada ya ibada ya pili. Kuja na karatasi ya mwisho ya ukaguzi na uje na dereva wako, nataka kumsikia yeye kwanza. Mzee mmoja wetu ambaye ni fundi wa breki atakuwa uwanjani na jeki yake mpaka saa kumi, na hatatoza mtu.